Sinia ya Noeli: tuijaze kwa mikono yetu, si kwa deni

Ilikuwa jioni, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, ndani ya bisi inayoturudisha Kolwezi kutoka ku mgodi. Mvua ilikuwa imeisha kunyesha, barabara matope tupu, na mbele yetu makamio ya madini yalijipanga bila kusonga. Mwenzetu mmoja wa zamu akatoa telefone. Mke wake alimtumia picha: ubao mkubwa wa mti, na juu yake vitu vitamu vya kila rangi, chokoleti, keki ndogondogo zilizonyunyiziwa sukari nyeupe, matunda mekundu ambayo ku soko letu hatuyaoni. Chini ya picha mama aliandika: «Papa, batoto banaona hii, banasema banataka ya vile ku Noeli. Tutaweza?»

Telefone ikapita mkono kwa mkono mpaka nyuma ya bisi. Mzee mmoja akasema: «Ile ubao yenyewe, bila kitu juu, inapita mushahara yangu!» Tukacheka. Kisha kicheko kikakatika, juu kila mmoja alianza kuhesabu kimoyomoyo. Mshahara wa mwezi wa kumi na mbili unatoka mapema, mbele ya Noeli. Unaofuata unatoka mwisho wa mwezi wa kwanza. Kati ya paye hizo mbili kuna karibu siku arobaini, na tumbo halijui kalenda.

Siye wa sendika tumezoea kuandika juu ya kontra, juu ya vifaa vya kujikinga, juu ya siku za mapumziko. Leo tunaandika juu ya sinia ya tamutamu. Wako watakaosema: «Sendika imeingia jikoni sasa!» Ni kweli, imeingia, na ina sababu. Madeni mengi tunayoyakuta kwa wafanyakazi mwezi wa kwanza yalizaliwa jikoni, usiku wa Noeli.

Deni lilianza na keki

Tutasimulia kisa kimoja bila kutaja jina, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, baba wa watoto watano, alikuwa journalier: kazi ya leo kwa leo, chini ya kampuni ndogo inayokodisha watu kwa kampuni kubwa. Wenzake wa kontra walipata colis ya mwisho wa mwaka: mchele, mafuta, sukari, kuku. Yeye hakupata kitu. Akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Akapita kwa ile banki lamberi ya kartie, ile isiyo na mlango wala karatasi, akakopa dolari 200. Masharti: mwisho wa mwezi arudishe 300, na karte yake ya banki ibaki kwa mkopeshaji.

Alinunua keki kubwa ya Noeli, biskuti za boksi, jus, chokoleti. Watoto walifurahi, hatuwezi kusema uongo. Lakini mwisho wa mwezi wa kwanza aliweza kulipa faida tu, dolari 100. Mwezi wa pili 100 tena. Mwezi wa tatu 100 tena. Dolari 300 zilikuwa zimetoka mkononi mwake, na zile 200 za kwanza bado zilimngoja palepale. Binti yake mkubwa, wa sekondari, alirudishwa nyumbani juu ya frais. Siku hiyo ndiyo alikuja kutuona. Alisema maneno ambayo hatuyasahau: «Bakubwa, ile keki tuliikulaka siku moja. Miye ningali namulipa.»

Tulimsaidia kuzungumza na yule mkopeshaji na kupanga namna ya kumaliza. Lakini tulijiuliza: je, mwaka kesho tutafanya nini? Kuwaambia watu wasifurahie Noeli? Mtoto wa mchimbaji naye ni mtoto. Anastahili kuamka siku ya Noeli na kukuta kitu kitamu mezani. Shida haikuwa utamu. Shida ilikuwa ni mahali tunapoutafuta, na peke yetu tunapoutafuta.

Wa Provence waliweka walichokuwa nacho

Ile picha ya ubao inatoka mbali, lakini desturi ya kuweka vitamu vingi pamoja siku ya Noeli si ya leo. Kusini mwa Ufaransa, mu Provence, watu wana vitamu kumi na tatu vya Noeli. Hesabu ni ya Yesu na mitume wake kumi na wawili. Wanaviweka mezani vyote kwa pamoja, na vinabaki hapo mpaka tarehe 27, kila mtu aonje kila kimoja.

Na ni vitamu gani? Tini kavu, zabibu kavu, lozi, na jozi au njugu nyingine: hivi vinne vinaitwa «waombaji», kwa kumbukumbu ya watawa wa mashirika manne walioishi kwa kuomba sadaka. Kisha mkate wa mafuta ya zeituni, nugati nyeupe na nyeusi, matunda ya shamba. Orodha inabadilika kijiji kwa kijiji. Lakini mzizi ni mmoja: watu wa mashamba waliweka mezani kile miti yao ilizaa na kile walichokausha wenyewe. Walichukua vitu vya kila siku, wakaviheshimu siku moja kwa kuvipanga vizuri.

Sasa tujiulize siye. Noeli ya kwetu inaangukia katikati ya mvua. Ndiyo wakati maembe yanaanguka mpaka watoto wanachoka kuyaokota. Masuku yanatoka mu pori. Nanasi iko ku soko. Miwa iko. Kalanga ya mavuno yaliyopita iko ndani ya mifuko. Asali ya pori la miombo inauzwa kando ya barabara. Mtu mwenye vitu hivi vyote anaenda kukopa kwa faida ili anunue biskuti ya boksi! Mvuvi gani anayekopa ili anunue samaki?

Mwezi wa kumi na mbili wa mchimbaji

Kwa mchimbaji, mwezi huu haukuanza na Noeli. Tarehe 4 ni sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, Sainte Barbe. Tarehe 9 tunakumbuka jambo lingine. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, wakati wa vita, bei zilikuwa zimepanda na mishahara imebaki chini. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba nyongeza. Mu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika ku uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale pamoja na wengine. Wiki mbili baadaye ilikuwa Noeli. Tufikirie zile nyumba, meza zao zilikuwaje.

Wazee wetu wa kampi waliishi kwa posho: unga, nyama, mafuta, chumvi, vyote vilipimwa ku kantini. Desturi hiyo iliendelea hata baada ya Union Minière kuwa mali ya taifa mwaka 1967 na Gécamines kuzaliwa. Hatukatai, posho ilikuza wengi wetu. Lakini mgodi wa Kamoto ulipobomoka mwaka 1990, na uzalishaji ukaanguka miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilijifunza kwa uchungu: kinachotoka ku mkono wa mkubwa, mkubwa anaweza kukikata. Mama zetu ndio walitulisha wakati ule, kwa mikate ya kukaanga na meza ndogo za kalanga mbele ya nyumba.

Kwa hiyo tulipoamua kupanga sinia yetu, tulianzia kwa akili ya hao mama: mikate, kalanga, matunda, na sanduku la pamoja.

Sanduku kwanza, sinia baadaye

Tulikuwa nyumba kumi za kartie moja. Ndani yake walikuwamo wafanyakazi wa kontra, journaliers watatu, creuseur mmoja, na mama mmoja mjane. Tuliafikiana kila nyumba itoe franka 5,000 kila paye, kuanzia mwezi wa tisa. Paye nne, nyumba kumi: franka 200,000. Hii si likelemba ya kupokezana, huyu leo na yule kesho. Ni sanduku moja, linafunguliwa siku moja. Mama wawili walishika pesa, mmoja akashika kaye ya hesabu, na kila mwisho wa mwezi hesabu ilisomwa mbele ya wote. Mahali pa pesa pasipo na kaye, urafiki haudumu.

Asiyekuwa na pesa alileta kitu. Mjane alisema: «Miye sina franka, lakini niko na muti ya maembe.» Maembe yake yakaandikwa mu kaye kama mchango wa wengine. Creuseur alileta makala. Hakuna aliyekula bure, na hakuna aliyeaibishwa.

Sukari, unga wa ngano, mafuta na margarini tulivinunua mapema, kwa wingi, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Kila mama anajua bei inavyopanda wiki ya mwisho mbele ya Noeli. Ukinunua meka moja moja tarehe 23, unalipa furaha ya muuzaji.

Vitamu vyenyewe

Tunatoa hapa vipimo vya sinia moja ya watu kama ishirini. Asiye na mizani achukue glasi ya robo lita: glasi nne za unga ni karibu gramu 500, glasi moja ya sukari ni karibu gramu 200.

Biskuti za croisette. Hii ndiyo katikati ya sinia yetu. Babu zetu waliyeyusha shaba mbele ya kampuni yoyote kufika, wakaimimina kuwa misalaba yenye mikono minne. Misalaba hiyo ilikuwa pesa. Imekutwa hata ndani ya makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, na mu muzeo ya Lubumbashi inaonekana. Siye tunaikata kwa unga. Changanya unga gramu 500, sukari gramu 200, margarini gramu 250, yai moja, chumvi kidogo, na ganda la ndimu lililokwanguliwa. Usikande sana. Acha unga upumzike nusu saa mahali pa baridi. Sukuma kwa chupa safi, unene wa kidole cha mtoto. Kata karatasi ngumu kwa umbo la croisette, iweke juu ya unga, pitisha kisu pembeni. Zinatoka biskuti hamsini hivi.

Asiye na furu asiogope, na mwenye furu ya umeme asijivune, juu umeme tunaujua. Chukua sufuria kubwa ya zamani, weka ndani mchanga safi na mkavu wa vidole viwili, funika, pasha juu ya mbabula robo saa. Weka mawe madogo matatu, juu yake sahani ya bati yenye biskuti, funika tena, na juu ya mfuniko tia makala machache ya moto. Dakika kumi na tano zinatosha. Angalia mapema, upande wa chini unaungua haraka. Na mbabula isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa wamelala. Kaeni ku baraza.

Kalanga ya sukari. Kalanga gramu 500, sukari gramu 300, maji zaidi kidogo ya nusu glasi. Tia vyote pamoja ku sufuria na ukoroge. Maji yataisha, sukari itageuka kama mchanga: wengi wanafikiri wameharibu na wanatupa. Usitupe! Punguza moto, endelea kukoroga, sukari itayeyuka tena na kushika kalanga kwa rangi ya shaba. Mimina ku sahani iliyopakwa mafuta, tenganisha na kijiko. Watoto wakae mbali wakati huo, juu sukari ya moto inachoma kupita maji, na inashika ngozi.

Mikate midogo. Unga gramu 500, sukari gramu 100, kijiko kidogo cha levire, nusu kijiko cha chumvi, maji ya vuguvugu glasi moja na robo. Piga kwa mkono mpaka unga ulie. Funika, acha uvimbe saa moja. Kaanga midogo, kama kokwa la embe changa, siyo ile mikubwa ya asubuhi. Mkate mdogo unakaa vizuri ku sinia, na kila mtoto anapata mitatu badala ya mmoja.

Jamu ya maembe. Nyama ya maembe kilo moja, sukari nusu kilo, maji ya ndimu mbili. Chemsha ukikoroga karibu dakika arobaini, mpaka kijiko kikiacha njia ndani ya sufuria. Tia ku bakuli ndogo. Mikate na biskuti vinachovywa humo.

Kisha yale yasiyotaka moto: nanasi ya vipande, maembe ya kukatwa na kunyunyiziwa ndimu, masuku mazima, miwa iliyomenywa na kukatwa urefu wa kidole, bakuli ndogo ya asali. Maganda ya nanasi, baada ya kuoshwa vizuri, yachemshe pamoja na tangawizi na sukari kidogo, chuja, acha yapoe: kinywaji kiko tayari bila kununua chupa. Mwenye kujua munkoyo alete munkoyo.

Mpango wa siku

Tarehe 22 tunapika jamu. Tarehe 23 ni biskuti na kalanga, zikipoa zinafungwa ndani ya kopo kavu, juu hewa ya mvua inazilainisha. Tarehe 24 jioni unga wa mikate unakandwa, unakaangwa kabla ya misa ya usiku. Matunda yanakatwa tarehe 25 asubuhi tu.

Kupanga ni hivi. Majani ya ndizi yaoshwe, yapitishwe juu ya moto ili yalainike, yatandikwe ku sinia. Bakuli za jamu na asali ndizo za kwanza, juu ndizo nzito. Biskuti za croisette zizunguke katikati. Kalanga ijaze nafasi upande mmoja, mikate upande mwingine. Matunda yenye maji yawe mwisho kabisa, ku ukingo, mbali na biskuti. Jani moja la ndizi likunjwe kati yao kama ukuta. Miwa isimamishwe ndani ya glasi. Hakuna sinia kubwa? Mu kartie yetu tulitumia mlango wa kabati la zamani, tukausugua, tukautandika majani. Hakuna aliyeuliza ulikuwa nini zamani.

Mambo matatu ya usalama

Hapa tunasema kama watu wa sendika, na tunaomba mama watusaidie kusimamia.

Kwanza, nguo ya kazi isiingie jikoni. Vumbi la shaba na kobalti linapanda ku nguo, ku viatu, ku nywele. Baba atoke kazini, aoge, abadilishe, kisha ndio aguse unga au abebe mtoto. Nguo ya kazi ioshwe peke yake, siyo pamoja na vitambaa vya kufunika chakula. Matunda yaliyouzwa kando ya barabara ya makamio yaoshwe kwa maji mengi na yamenywe.

Pili, bidoni zilizotoka ku mgodi na ku viwanda zisitumike kwa chakula. Zinauzwa rahisi ku soko, tunajua. Lakini bidoni iliyobeba asidi au dawa ya kuosha madini haisafishiki kwa sabuni na mchanga. Usitie ndani yake maji, munkoyo, asali wala mafuta. Ukinunua asali, uliza ilibebwa ndani ya nini.

Tatu, kalanga nzima si ya mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano. Inaweza kumkaba. Mpe iliyosagwa. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata tone.

Sahani ya aliye kazini

Mgodi haulali siku ya Noeli. Pampu za maji zisiposukuma, shimo linajaa. Kwa hiyo siku ambapo wengine wanakula, kuna wenzetu walio chini au juu ya mashine. Mwaka ule tulifanya sheria moja: kabla mtu yeyote hajagusa sinia, sahani za walio kazini zinatolewa kwanza, zinafunikwa, zinaandikwa jina. Nyumba yenye mgonjwa, sahani. Mjane aliyechoka kuja, sahani. Watoto ndio walizipeleka, wakikimbia kati ya mvua na mvua.

Tunajua swali litakalokuja: je, sinia hii si njia ya kuwasahaulisha watu gratification yao? Hapana. Sheria ya kazi ya 2002 haikuweka mwezi wa kumi na tatu kuwa lazima kwa kila kampuni. Nguvu yake inatoka ku kontra yako au ku mapatano ya kampuni, ile convention collective. Kwa hiyo uliza delege wako akuoneshe imeandikwa nini. Kama imeandikwa, ni haki yako, siyo zawadi, na tutaidai pamoja. Kama haikuandikwa, basi tunajua cha kuweka mezani siku ya mazungumzo. Na journalier anayefanya kazi ileile chini ya jua lileile, kilio chake cha colis ni kilio chetu pia. Lakini mtu anadai vizuri zaidi asipokuwa na deni. Mwenye karte yake ndani ya mfuko wa mkopeshaji anaogopa kupoteza hata siku moja ya kazi. Hawezi kusema hapana.

Siku ya Noeli, yule mwenzetu wa dolari 200 alikuja na watoto wake watano. Hakuwa na mengi: alileta miwa sita mabegani, na mke wake ndiye aliyekata biskuti zote za croisette, juu mkono wake hautetemeki. Binti yake mkubwa, ambaye sasa amerudi shule, alishika moja akamwuliza baba: «Papa, hii njo ilikuwaka pesa ya zamani?» Akajibu: «Ndiyo, mwanangu. Kula. Hii hakuna mutu anatudai.»

Hatukupiga picha kubwa ya sinia. Tulipokumbuka telefone, ilikuwa imebaki majani ya ndizi na maganda ya masuku. Mu sanduku zilibaki franka 14,500. Zilisomwa mbele ya wote, zikaandikwa ukurasa mpya wa kaye, na nyumba tatu zaidi ziliomba kuingia.

Basi ndugu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi, wa Kambove na wa Fungurume: kama mwaka huu sanduku halikuanza, anzeni hata na nyumba tatu, kila mmoja na alichonacho, kalanga hapa, maembe kule, unga kwa jirani. Sinia ndogo isiyo na deni inatosha. Na mwezi wa tisa ukifika, kaye iwe imefunguliwa.

Noeli njema kwenu wote, na Bonane ituone wazima, walio juu na walio chini ya ardhi.